Mulalishaji na Goti Langu

Leo Jumapili, nje ya kanisa, mwanamke mmoja mwenye viatu vipya alisema mbele yangu kwamba yule mzee aliyekuwa akilalisha watu lopitalo, yaani hospitalini, alikuwa mlevi tu, mtu wa kuimba hovyo. Nilikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, na nilimjibu maneno ambayo padri aliyasikia. Sijatubu. Nimerudi nyumbani, nimeweka sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye jiko la mbabula, nimechukua daftari la mdogo wangu, na ninaandika kabla hasira haijapoa. Hasira yangu haipoi haraka, kwa hiyo msiwe na wasiwasi, nitafika mwisho.

Miaka michache nyuma nisingeandika hata mstari mmoja. Sasa tunaambiwa midomo imefunguliwa. Haya, wangu ulikuwa wazi tangu kuzaliwa, na karibu utupotezee nyumba. Aliyeufunika ni huyo mzee.

Jina lake sitaliandika. Nilimwomba ruhusa, akasema: "Andika tu, mama. Lakini jina yangu uiache ku nyumba, ilale." Likasi nzima, mji wetu wa machimbo, tulimwita Mulalishaji, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwatia wagonjwa usingizi kabla daktari hajawagusa. Madaktari walikuja na kuondoka, kila mmoja na kofia yake na mbwa wake. Yeye alibaki.

Nianze na salamu yake. Hakuuliza habari. Ukikutana naye sokoni, njiani, hata matangani, alikupa mkono na kusema: "Umekula saa ngapi?" Wageni walidhani ni ukarimu, wakaanza kungoja sahani. Sahani haikuja. Mtu mwenye tumbo lililojaa akilalishwa anaweza kutapika na chakula kikaingia mapafuni, basi yeye alipima matumbo ya watu wote, hata wale ambao hakuna aliyetaka kuwapasua, kama fundi cherehani anavyopima mabega ya wapita njia.

Uzito alipima kwa macho. Tulikuwa majirani katika kambi ya wafanyakazi, nyumba yake ikitazama yetu, na jioni alikaa kwenye barza akiwahukumu wanaopita. "Ule iko kilo makumi sita na mbili. Ule mwengine makumi nane, na shingo mufupi, atanisumbua siku moja." Mama mkwe wangu, ambaye hujiita mwembamba, aliambiwa "makumi tisa na tano, bila viatu" mbele ya ukoo mzima siku ya ubatizo wa mtoto wangu. Nilikuwa namheshimu Mulalishaji tangu utoto. Siku hiyo nilianza kumpenda.

Kanisani alikaa benchi la mbele kabisa. Watu walisema ni ibada. Ibada gani! Alikuwa anatazama midomo ikifunguka kupokea komunyo, akitafuta meno yanayotikisika, maana jino bovu linaweza kuanguka kooni mtu akiwa usingizini. Misa ikiisha alimfuata mtu mpaka mlangoni: "Papa, lile jino ya mbele, ungoe. Siku nitakukamata, sitaki kutafuta jino mu giza."

Sasa mambo yake yaliyokuwa hayapatani. Aliwafungisha watu wote chakula, lakini mifuko yake ilijaa karanga za kukaanga, na alitafuna kila mahali isipokuwa chumba cha upasuaji. Aliwachoma sindano maelfu, lakini siku watu wa chanjo walipopita kambini alijificha nyuma ya banda la kuku, na mke wake ndiye aliyemtaja. Akatoka na manyoya kichwani, akisema: "Sindano ni ya kazi. Haiko ya mwili yangu." Aliulalisha mji mzima, lakini mwenyewe hakujua kulala. Mke wake alisema alikuwa anahesabu kurudi nyuma kutoka mia, kama alivyowafundisha wagonjwa, anafika sifuri, anakaa kitandani, anasema, "Ah, haikuingia," halafu anaanza tena.

Na mdomo wake, jamani. Aliongea bila kituo: vitunguu, mpira, mvua, baiskeli, vitunguu tena. Miaka na miaka niliamini kwamba hakuna mpayukaji kama yeye Likasi nzima. Ndipo nilipogundua kwamba kwa maneno yote yale hakuwahi kuniambia kitu hata kimoja juu ya mtu yeyote.

Mtu wa kwanza kunilalisha alikuwa yeye, nikiwa na miaka minane, walipotaka kunikata mafindofindo ya koo. Alinivika masque, kifuniko cha hewa ya dawa, usoni akaniambia nihesabu kurudi nyuma kutoka kumi. Nilikasirika kwa sababu nilipitiwa nikiwa kwenye saba. Nilipoamka nilimwambia, kwa koo lililochanika, kwamba ninataka kumalizia. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nikamwuliza: "Nilisema nini mu usingizi?" Akajibu: "Uliomba bukari."

Bukari ni ugali, na mjue kwamba jibu hilo alimpa kila mtu. Mchimba mawe, mke wa karani, katekista, wote waliambiwa waliomba bukari. Wengine aliwaongezea mboga. Ukiwakalisha watu wa kambi yetu pamoja na kuwauliza walisema nini chini ya dawa, utadhani Likasi ilikuwa na njaa ya milele.

Sababu yake nilikuja kuijua kwa goti.

Ilikuwa miaka ile ya kuchezeshwa. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa machimbo ya mawe ya chokaa Kakontwe, na wake za wafanyakazi tulipangwa katika mistari, juani, tufundishwe kucheza na kuimba sifa za Guide, mkuu wa nchi, kwa sababu kuna mkubwa atakayekuja kutembelea. Usipocheza, jina la mume wako linaandikwa. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi mitatu, nilikuwa naye mgongoni. Walitupandisha juu ya jukwaa la mbao zilizooza. Mbao ikavunjika, nikaangukia chuma kwa goti, na kifuniko cha goti kikapasuka vipande viwili. Mtoto hakuumia. Wenzangu waliendelea kucheza, kwa sababu hakuna aliyewaambia waache. Yule mkubwa mwenyewe hakuja.

Nilifungwa plasta kutoka pajani mpaka kifundo cha mguu, miezi miwili. Walipoifungua, mguu ulitoka umenyooka kama mchi wa kinu, na ulikataa kukunjika. Jaribuni kuosha mtoto kwenye beseni kwa mguu wa mchi. Jaribuni kupuliza makaa ya mbabula. Choo cha kuchuchumaa sitakieleza, mimi nimesoma. Na kwetu mke wa mwana anapompa mama mkwe maji ya kunywa, anapiga magoti. Mimi nilimpa nimesimama. Mama mkwe akawaambia majirani: "Ile goti haiko na bugonjwa. Iko na majivuno."

Daktari alisema njia ni moja: nilalishwe, halafu alikunje kwa nguvu, avunje vile vilivyogandamana ndani. Na ifanyike upesi, maana nikingoja goti litabaki hivyo mpaka kaburini.

Nilitaka goti langu. Lakini niliogopa. Kambini tulijua kuna dawa moja ya kulalisha inayofungua mdomo. Karani mmoja alipewa dawa hiyo zamani, katika mji mwingine, akasema neno moja juu ya chama cha Guide akiwa amelala, na jeraha lilipopona hakukuta kazi wala nyumba. Na mimi, tangu siku ya jukwaa, nilikuwa na maneno tumboni juu ya Guide ambayo yangeweza kuwafukuza kazi wanaume wa kambi nzima.

Nilikwenda kwenye barza ya Mulalishaji na mume wangu na mguu wangu. Nikamwuliza: "Utanilalisha namna gani?"

Akamwaga karanga tatu kwenye meza, akazipanga.

"Mama, niko na njia tatu. Ya kwanza ni masque, yenye uliona mu butoto. Ile ni kama mashine za umeme za Koni zimesimama: mji muzima giza, hakuna muntu anaona, hakuna muntu anasema. Lakini kwa goti? Docteur atakunja dakika tano, weye utatapika siku muzima. Kuzima Koni juu ya ampoule moja ya taa, ni bupumbafu." Akaila karanga ya kwanza.

"Ya pili?"

"Sindano mu mugongo. Pale nakata fusible ya chumba moja tu. Miguu inalala, kichwa inabakia macho. Mulomo ni yako, weye na Mungu yako. Kisha hapana kunyanyua kichwa mpaka kesho yake, ama kitakuuma wiki muzima. Na utasikia."

"Maumivu?"

"Hapana. Makelele." Akabana ganda la karanga kati ya vidole, likalia. "Namna hii. Lakini goti ni kubwa kupita karanga."

"Na ya tatu?"

"Ketamine. Kwa goti, ni ile yenye minye napenda. Mbio, dakika kumi, unapumua muzuri, ukiamuka kabisa unanyonyesha mutoto. Taa zote zinawaka. Tu, mwenye nyumba ametoka, na mulango ameacha wazi. Kila muntu anaweza kuingia kuona bintu biko mu salon ya nyumba."

"Mu salon yangu muko nini?"

Akanitazama. "Mama, weye hata mulango ikifungwa, tunakusikiaka toka barabara."

"Basi nataka ya mugongo. Mulomo yangu nitaukamata minye mwenyewe."

Mume wangu alikohoa.

Ilikuwa katikati ya Kwaresima. Chumbani tulikuwa wanne: daktari mgeni kutoka mbali asiyejua hata "jambo", Mulalishaji, mimi, na brankadie, yule anayebeba machela, mwanaume mzima aliyevaa beji ya chama juu ya aproni na mwenye masikio marefu. Kila mtu lopitalo alijua masikio yale yanafanya kazi kwa nani.

Sindano iliingia mgongoni. Miguu ikawa ya moto, halafu ikaondoka. Niligusa paja langu, ikawa kama kushika paja la mwanamke mwingine. Mulalishaji akanipiga tone la maji baridi kila mahali, akauliza, akaridhika, akamwambia daktari aendelee. Brankadie akashika paja. Daktari akashika mguu, akakunja.

Goti lililia. Lililia kama mabua ya mahindi makavu yakikanyagwa na ng'ombe, moja, lingine, lingine. Sikuumia hata kidogo. Na mimi niliyekataa dawa ya kufungua mdomo, mimi mwenye macho wazi na akili zangu zote, nilipiga kelele:

"Akuje acheze yeye! Na kofia yake ya chui! Akuje na mutoto mu mugongo, juu ya mbao za kuoza, tuone goti yake!"

Brankadie akaacha kupumua, ili asikie vizuri.

Mulalishaji akafungua kinywa akaimba Aleluya. Katika Kwaresima! Siku ambazo neno hilo hata kanisani limefungiwa sandukuni! Alikuwa na sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta, na aliimba kwa nguvu zote. Mimi nikaongeza ubeti wangu wa pili, uliokuwa juu ya fimbo ya Guide, na yeye akapandisha. Nikapandisha, akapandisha. Daktari akatabasamu nyuma ya kitambaa chake: "Très bien, madame, chantez, chantez!" Alidhani kuimba ndiyo desturi yetu. Na goti likakunjika mpaka kisigino kikakaribia tako, nami nikalitazama, nikaanza kucheka na kulia pamoja, na brankadie hakujua aandike nini kwanza kichwani mwake, matusi au Aleluya.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliimba miaka yote ile. Wanawake waliofua mashuka nyuma ya lopitalo walimcheka: "Mulalishaji ameanza tena." Yule mwenye viatu vipya ameokota kicheko chao akadhani ni habari. Kumbe kila mara alipoimba, palikuwa na mtu juu ya meza anayejiangamiza kwa mdomo wake mwenyewe.

Asubuhi yake shefu wa kartier, mkubwa wa mtaa wetu, alifika wodini pamoja na brankadie. Mulalishaji alikuwa kando ya kitanda changu. Mimi nilikuwa nimekatazwa kunyanyua kichwa, na ndiyo mara pekee maishani mwangu niliyotii.

"Citoyen," shefu akasema, maana siku zile kila mtu alilazimishwa kuitwa raia, "tuko na habari kama huyu citoyenne alitukana Guide, na akili yake yote."

"Akili gani? Soma."

Mulalishaji akamfungulia kitabu cha upasuaji. Shefu akasoma kwa kidole, na kwa sauti: goti, kukunja, ketamine.

Nilitazama dari. Nilikuwa na tundu la sindano mgongoni bado linaniwasha.

Brankadie akaruka, akidai ni uongo: "Bongo! Sindano iliingia mu mugongo, minye niliona na macho yangu!"

"Iliingia," akasema Mulalishaji. "Ikakataa kufanya kazi. Nikaongeza ketamine. Weye unabebaka machela, minye nalalishaka. Siku nitabeba machela, utanifundisha."

"Na Aleluya mu Kwaresima?"

"Ile nitajibu kwa padri."

Shefu akakuna kidevu. "Lakini banasema ile ketamine inatosha inje mambo yenye iko mu roho ya muntu."

"Inatosha upuuzi, shefu. Weye mwenyewe, siku ya kupasua hernie yako, ni ile nilikupatia. Unakumbuka ulisema nini?"

Wodi nzima ilitega masikio. Hata watoto.

"Uliniambia niliomba bukari," shefu akasema.

"Eh. Ni vile nilikuambia."

Akatoa karanga moja mfukoni, akaimenya polepole, akampa shefu. "Kilo makumi saba na nane, tumbo tupu toka jana yake. Niko na kumbukumbu muzuri, shefu. Kila neno."

Shefu alikifunga kitabu kwa mikono miwili, kama padri anavyofunga kitabu cha misa. "Citoyenne, upone," akaniambia, na akaondoka na karanga kiganjani. Brankadie akamfuata nyuma. Mume wangu alibaki na kazi. Tulibaki na nyumba.

Walipotoka, Mulalishaji aliniinamia. Hakuwa anacheka. "Ulisema utakamata mulomo."

"Mulomo ulinitoroka, papa."

"Mu kile kitabu, miaka yote, nimeandika bongo moja tu. Ni yako. Usiniharibishie."

Padri alimpa kitubio cha kufagia kanisa wiki nzima. Alifagia, na akaendelea kukagua meno.

Watu humkumbuka kwa upole. Mimi upole huo sikuuonja. Baada ya wodi alikuja nyumbani kila siku kunikunjisha goti, lisije likaganda tena. "Kunja!" "Sitaki!" "Kunja, kilo makumi tano na tano ya majivuno!" Siku nilipoweza kupiga magoti mara ya kwanza, nilimpelekea mama mkwe maji, nikashuka, na nikashindwa kusimama. Nilibaki chini mpaka kikombe kikaisha, mpaka akaongezewa, mpaka akamaliza hadithi ya ndoa yake. Alilia. Aliwaambia majirani kwamba hajawahi kupewa heshima ndefu namna ile. Sijamwambia ukweli, na hajui kusoma.

Alipostaafu, Mulalishaji alihamia Kapolowe kulima vitunguu. Mwaka huu, mvua zilipoanza, alianguka na baiskeli yake akavunja goti. Plasta, miezi miwili, mguu wa mchi. Mimi nilipata habari nikacheka kwanza, halafu nikafunga kikwembe kiunoni, nikashika njia. Yule dada aliyeshika kazi yake, mwanafunzi wake mwenyewe, alikuwa amenitumia ujumbe: mzee amekataa kulalishwa, anamtaka yule mama wa hasira.

Nilimkuta lopitalo juu ya machela, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amevaa shati la wagonjwa lisilofungika nyuma. Dada alinieleza: mgongo wa mzee umefungamana kwa uzee, ameujaribu mara tatu na sindano haipiti, na kifua chake kina kikohozi, masque haifai. Imebaki ketamine.

"Papa, iko muzuri sana kwa goti," nikamwambia. "Mbio, dakika kumi, unapumua muzuri."

"Usinichekeshe." Akanishika mkono. "Mama, sikiliza. Niko na mji muzima mu tumbo. Ya shefu, ya padri, ya mabibi, ya wanaume wao. Ya mama mukwe yako. Nikifungua mulango, hii Likasi haitalala tena. Uko na sauti?"

"Unaijua sauti yangu."

"Basi ukuje ndani."

Dada aliniruhusu. Brankadie alikuwa yule yule, beji hana siku hizi, masikio anayo. Dawa iliingia mshipani. Macho ya mzee yakabaki wazi, yakicheza polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Daktari akashika mguu. Goti likalia, na Mulalishaji akasema, wazi kabisa, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: "Shefu wa kartier, siku ya hernie, alisema kama..."

Nikapiga Aleluya. Sikujua kwamba ninayo sauti kama ile. Madirisha yalitikisika. Brankadie akanyoosha shingo, nikamfuata na Aleluya mpaka sikioni. Na hapo mzee akanyamaza, akatega sikio, kama anayesikia jina lake likiitwa mbali. Mdomo wake ukageuka. Akaingia katika wimbo.

Aliimba kwa ile bawaba yake, akiwa hayupo, mwenye nyumba ametoka, na bado mlangoni palikuwa na mtu anayeimba. Mimi nilipochoka hakuchoka. Dada akaanza naye, wafua mashuka wakaitikia nje, mpaka daktari alipouachia mguu, mpaka dawa ilipokwisha. Hakuna neno lingine lililotoka. Brankadie aliondoka na machela matupu na masikio matupu.

Alipoamka alinitafuta kwanza kwa mkono, halafu kwa macho.

"Nilisema nini?"

"Uliomba bukari, papa."

Alinipima kwa macho. "Na mboga gani?"

"Na sombe."

Nilikuwa nimeileta, bukari na sombe, imefungwa kwenye kitambaa bado ina moto. Nikaishika kwa mikono miwili, mimi niliyeapa kwamba baada ya mama mkwe sitampigia mtu magoti tena, nikashuka chini kando ya kitanda chake mpaka sakafuni. Goti lilikunjika lote, bila sauti yoyote.

Hakutazama sahani. Alitazama goti, akalipigia hesabu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akakumbuka kazi.

"Bado," akasema. "Mbele ya saa kumi hapana kula. Mulinilalisha saa ngapi?"

Na mkono wake mwingine, aliodhani siuoni, ulikuwa tayari unatafuta karanga chini ya mto.